Kahawa Huharibikia Mdomoni mwa Mashine

Swali huja kwa sura nyingi, lakini ni lile lile. "Jana kahawa ilikuwa tamu, leo imekuwa chachu, na sijagusa kitu." "Nimezungusha mashine ya mkono mpaka bega likauma, nikafungua nikakuta chenga na vumbi pamoja." "Kijana wa mkahawa wetu anasema mashine imechoka, tununue nyingine?" Wengi wanaouliza wanataka jibu la dukani: niambie jina la mashine, nikanunue.

Kabla hujatoa pesa, tazama unavyoilisha hiyo uliyo nayo.

Aliyewahi kuona kijaa atanielewa upesi. Mawe mawili, la juu lina tundu, na anayesaga hutia nafaka konzi kwa konzi huku akizungusha. Akimimina kwa pupa, jiwe la juu huinuka na kinachotoka ni chenga. Akichelewa kutia, mawe husagana yenyewe. Mashine ya kahawa ni kijaa kidogo chenye mota au mpini. Ina mdomo, ina koo, ina meno, na mambo mengi tunayolaumu meno yameanzia mdomoni.

Kwanza, una mashine gani?

Ushauri wa mashine moja unaweza kuiharibu nyingine, kwa hiyo ijue yako:

- Ya visu. Wembe unazunguka chini ya kikombe. Hiki ndicho kile kikombe kidogo cha kusagia viungo kinachouzwa pamoja na blenda. Haisagi, inakatakata.
- Ya meno, ya mkono. Punje hukaa juu, unazungusha mpini, unga hudondoka chini. Nyingi huchukua gramu 20 hadi 30 kwa mara moja.
- Ya meno, ya umeme. Ina bakuli juu, mota ndani. Meno yake ama yana umbo la pia, moja ndani ya jingine, ama ni sahani mbili zinazotazamana.
- Kinu na mchi. Usikicheke. Tutakifikia.

Katika mashine ya meno kuna mwanya kati ya jino linalozunguka na lile lililotulia. Punje huingia mahali mwanya ulipo mpana, huvunjwa vipande, kisha vipande husukumwa kuelekea mahali pembamba mpaka vipate udogo wa kutoka. Unapogeuza gurudumu la kipimo, unapanua au kubana huo mwanya. Nadharia inaishia hapo. Yanayobaki ni namna punje zinavyoufikia mwanya.

Kwa nini kikombe cha leo hakifanani na cha jana

Ukijaza bakuli, punje za juu huzikandamiza za chini. Za chini hazina pa kukimbilia, huingia menoni kwa mfululizo. Bakuli likielekea kuisha, uzito huo hupungua. Punje chache zilizobaki hurukaruka juu ya meno kama bisi kwenye sufuria. Nyingine hung'atwa, zikarushwa juu, zikarudi kung'atwa tena. Nyingine hupita upesi. Unga hubadilika ingawa kipimo ni kile kile. Kwa kahawa ya kuchuja kwa karatasi huenda usione tofauti. Kwa espreso utaiona kabla hujaonja, maana maji yaliyokuwa yakishuka kwa sekunde 28 sasa yanaweza kumwagika kwa 20.

Ulimi nao hutoa taarifa. Chenga huchelewa kutoa ladha, na hizo ndizo chachu na maji maji. Vumbi hutoa kila kitu mara moja, pamoja na uchungu unaokausha ulimi. Kikombe kikiwa kichachu na kichungu kwa wakati mmoja, acha kugeuza gurudumu. Hakuna kipimo kitakachokuponya na mchanganyiko.

Ujaze bakuli au upime kila kikombe?

Hapa watu hugombana bure. Inategemea unasaga kiasi gani kwa siku.

*Mkahawani*, unaposaga mfululizo, jaza bakuli na ulinde kina chake. Lisishuke chini ya theluthi. Usiache liishe kabisa ndipo umwage kilo nzima. Ongeza kidogo kidogo. Weka alama ya kalamu ya wino nje ya bakuli ili anayekuja zamu ya mchana asibahatishe. Jioni zirudishe punje kwenye mfuko wake na uufunge. Kahawa iliyolala katika bakuli la plastiki karibu na mota ya moto huchakaa haraka, na mafuta yake hubaki ukutani yakanuka.

*Nyumbani*, kama unakunywa vikombe viwili kwa siku, bakuli lililojaa ni hasara. Pima kila mara:

1. Pima punje kwa mizani ndogo ya jikoni. Gramu 15 kwa mililita 250 za maji ni mwanzo mzuri. Kijiko kisikudanganye: punje zilizokaangwa hadi kuwa nyeusi ni nyepesi kuliko za kahawia, hivyo kijiko kile kile hubeba uzito tofauti.
2. Chovya mkia wa kijiko kwenye maji, uzikoroge punje nao. Ni tone moja tu, na sababu yake inakuja.
3. Washa mashine kwanza, kisha mimina punje kwenye meno yanayozunguka tayari. Zimimine taratibu, usizidondoshe zote kwa mpigo.
4. Funika mara moja. Bila kifuniko zitarukaruka, na nyingine utaziokota chini ya friji.
5. Sikiliza. Mlio ukibadilika kutoka kukwaruza hadi kuvuma mtupu, ngoja sekunde tano zaidi, uzime.
6. Gonga ubavu wa mashine kwa kiganja mara mbili tatu, kisha pima kilichotoka.

Hatua ya sita ndiyo inayorukwa, na ndiyo inayofichua mengi. Umetia 15 na zimetoka 13.5? Gramu moja na nusu imebaki kooni, na kesho asubuhi utainywa ikiwa imechacha. Kama mashine yako ina tabia hiyo, saga punje chache uzitupe kabla ya kikombe cha kwanza. Inauma kutupa kahawa, najua.

Mtu atasema: "Nikipima kila mara bila kujaza, si zitarukaruka kama bisi siku zote?" Ndiyo, ila zitarukaruka *sawasawa* siku zote. Utageuza kipimo kidogo kuelekea upande wa laini mara moja tu, na hutakigusa tena mpaka ubadilishe kahawa. Tatizo ni kuchanganya: leo bakuli limejaa, kesho umetia konzi moja, keshokutwa umebakiza robo.

Kulisha polepole

Ukimimina punje kidogo kidogo, meno hayashindiliwi. Vipande hupata nafasi ya kutoka badala ya kusuguana vyenyewe kwa vyenyewe na kuzaa vumbi. Matokeo yake unga huwa na vumbi pungufu, na kwa jumla huwa mkubwa kidogo, kwa hiyo utahitaji kubana kipimo. Wapenzi wa kahawa ya karatasi wataipenda njia hii. Kwa kahawa ya kuchemsha kwenye dele usijisumbue.

Wenye mashine ya mkono wana ujanja wao:

- Ilaze kidogo unapozungusha, kama mtu anayekunywa kwa kibuyu. Punje zitaingia chache chache na mpini utakuwa mwepesi.
- Zungusha kwa mwendo mmoja. Haraka mwanzoni na kuchoka mwishoni huzaa kahawa mbili ndani ya kikombe kimoja.
- Usijaze mpaka juu. Acha nafasi.
- Mpini ukikwama, rudisha nyuma nusu mzunguko, kisha endelea. Usitumie nguvu za kung'oa muhogo.

Mashine za mkono za bei nafuu huchezacheza kwenye mhimili. Shika jino la ndani kwa vidole ulitikise. Likiyumba, mwanya wako ni mpana upande mmoja na mwembamba upande wa pili, na hapo kulisha vizuri kutasaidia lakini hakutatibu. Hii ni hali moja ninayokubali mtu aende dukani.

Chambua kama mchele

Nitasimulia kosa langu. Niliwahi kuletewa kahawa ya shambani, imekaangwa vizuri kwenye chungu, inanukia mtaa mzima. Nikaimwaga moja kwa moja kwenye mashine. Ikalia *kra!*, ikasimama. Ndani kulikuwa na kokoto ndogo kuliko punje, rangi ile ile ya kahawia. Meno mawili yalikuwa yamepasuka, na bei ya seti mpya ilikaribia nusu ya bei ya mashine. Mchele wa kilo moja nisingethubutu kuupika bila kuuchambua, lakini kahawa niliiamini.

Kahawa iliyoanikwa chini, juu ya udongo au sakafu, huokota mawe. Imwage kwenye sinia au ungo, itandaze, ipitishe vidole. Toa:

- mawe, vijiti, vipande vya chuma, uzi wa gunia;
- punje nyeupe au njano ambazo hazikuiva, maana hunuka karanga mbichi;
- maganda ya ndani yaliyojitenga, kwa kuwa mepesi haya hujikusanya kooni na kuziba.

Ukubwa pia una neno. Mfuko wa daraja la AA una punje kubwa zinazolingana, na ule wa PB una zile za duara, moja kwa kila tunda, zinazobingirika kama njegere. Kila mfuko hushuka kwa mwendo wake. Ukichanganya masalia ya mifuko mitatu, zikiwa zimekaangwa kwa viwango tofauti, usishangae unga ukikataa kutulia: nyeusi huvunjika upesi na kutoa vumbi, za kahawia ni ngumu na huvutana na meno.

Kooni pakikwama

Kahawa iliyokaangwa mpaka ikang'aa mafuta hushikana. Hujenga daraja kooni: juu kumejaa, chini meno yanazunguka matupu. Utalitambua kwa mlio.

- Zima, kisha *chomoa waya*. Ndipo uguse.
- Tumia kijiti cha mti au mpini wa mwiko mdogo. Kidole, kijiko cha chuma na uma viwe mbali.
- Kuitikisa mashine ikiwa inaendelea kuzunguka ni njia ya kumwaga punje zote sakafuni.

Umeme ukikatika katikati ya kusaga, usiache swichi ikiwa imewashwa. Ukirudi, mota italazimika kuanza ikiwa na punje zilizobanwa menoni, na mota ndogo huungulia hapo. Zima, fungua kipimo kuelekea upande wa chenga, toa punje zilizobanwa, kisha anza upya.

Kuna na hili la zawadi kutoka kwa ndugu aliyeko Marekani. Soma kibandiko cha chini kabla ya kuchomeka. Kama kimeandikwa volti 120 tu, mashine hiyo haiwezi umeme wetu wa 230 wa Tanzania wala 240 wa Kenya. Inahitaji transfoma ya kushusha, tena yenye wati za kutosha. Kuibadilisha plagi peke yake ni kuichoma.

Kutafuta sifuri

Ukiniambia unasaga "namba 5", hujaniambia kitu, hata kama mashine zetu ni za aina moja. Kinachofaa ni kuhesabu kutoka mahali meno yanapogusana.

*Ya mkono:* ikiwa tupu, kaza taratibu mpaka mpini ugome kuzunguka wenyewe. Hapo ni sifuri. Legeza ukihesabu kila kliki, na uandike idadi kwenye karatasi.

*Ya umeme:* hakikisha haina punje hata moja. Iwashe, bana polepole mpaka usikie mguso mwepesi wa chuma kwa chuma, kisha rudi mara moja. Andika.

Kosa linaloua mashine nyingi za mkahawani ni kubana kuelekea laini huku mashine imezimwa na kuna punje kati ya meno. Unalazimisha uzi wa skrubu dhidi ya kahawa. Kubana kufanywe mota ikizunguka au mashine ikiwa tupu. Kulegeza hakuna shida.

Kisha usigeuze hovyo. Geuza hatua moja, saga kidogo utupe kilichobaki kooni kutoka kipimo cha zamani, ndipo uonje. Wengi hugeuza, wanaonja unga wa jana, wanageuza tena, wanapotea.

Kwa kuanzia, linganisha kwa vidole:

- dele na kahawa ya Kituruki: poda, kama unga wa ngano;
- espreso: kati ya poda na chumvi laini;
- birika la moka: chumvi laini ya mezani;
- karatasi ya kuchujia: mchanga wa ufukweni uliokauka;
- frenchi presi: chumvi ya mawe iliyopondwa.

Lile tone la maji

Kahawa ikisagwa kavu hupata umeme tuli. Ndiyo maana unga hurukia ukuta wa kikombe, hujishika mkononi na kujikusanya mabonge. Mabonge hayo huvuruga mpitisho wa maji, na unga ulioganda kooni hauhesabiki. Tone moja au mawili kwenye punje kabla ya kusaga hupunguza hali hiyo. Mabarista wamefanya hivyo kwa miaka mingi, na mwaka 2023 kundi la watafiti akiwemo Christopher Hendon wa Chuo Kikuu cha Oregon lilichapisha vipimo vinavyoonyesha kwamba unyevu huo kweli hupunguza chaji na mabonge.

Tone, nasema. Si kuosha. Punje zilizolowa zitatia kutu menoni, hasa kwetu pwani ambako hewa yenyewe ni maji.

Baridi nayo ina kazi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 katika jarida la Scientific Reports, ambao kahawa ya Tanzania ilikuwa mojawapo ya zilizosagwa, ulionyesha kwamba punje zilizopozwa sana hutoa unga mdogo zaidi na unaolingana zaidi. Ukitaka kujaribu, gandisha punje katika mifuko midogo ya kipimo cha mara moja, na usage mara tu utoapo. Ukiacha mfuko wazi mezani, punje zitatokwa jasho, na hapo umejirudisha nyuma.

Wenye visu na wenye kinu

Mashine ya visu haina koo, kwa hiyo kulisha kwake ni wewe. Tia kidogo, gramu 20 hadi 30. Bonyeza sekunde mbili, acha, tikisa kikombe, bonyeza tena. Ukishikilia kitufe kwa nusu dakika, chini kutakuwa poda yenye moto na juu kutakuwa na punje nusu. Kisha pitisha kwenye chujio la chai: kilichopita kiende kwenye dele, kilichobaki kirudi kusagwa. Kazi, ndiyo, lakini haigharimu pesa.

"Mbona bibi alitwanga kwa kinu na kahawa yake ilikuwa nzuri kuliko hizi zenu?" Swali hili nalipokea kwa heshima. Bibi alitwanga kidogo kidogo, akachekecha, akarudisha chenga kinuni mpaka zikaisha. Yaani alilisha polepole na alisawazisha kwa chekecheke. Tena kahawa yake ilikuwa ya kuchemsha, ya poda tupu, ambayo haidai usahihi wa espreso. Ukifuata mwendo wake wote, sina la kukuongezea. Wengi wetu tumerithi kinu tukaacha chekecheke.

Iliki, mdalasini na tangawizi kavu vibaki kinuni. Ukivitia kwenye mashine ya meno, tangawizi itapambana na mota na harufu ya iliki itakaa miezi.

Usafi, kwa ufupi

- Brashi kavu kila wiki nyumbani, kila jioni mkahawani.
- Bakuli lioshwe kwa sabuni, likauke kabisa. Meno yasiguswe na maji.
- Usisage mchele mbichi "kusafisha". Ni mgumu, unaelemea mota, na watengenezaji wengi wanaukataza.
- Ukiyarudisha meno, hakikisha hakuna chembe chini yake. Chembe moja hulipindisha jino, na mwanya hauwi sawa tena.

Utajuaje umepona?

Saga gramu 20, tia kwenye chujio la chai lenye matundu madogo, litikise kwa nusu dakika. Pima kilichopita na kilichobaki, andika. Rudia kesho kwa kahawa ile ile, kipimo kile kile. Namba yenyewe haimfai mtu mwingine, kwa kuwa machujio hayalingani matundu. Tazama kama inatulia. Ikiruka kutoka gramu 4 hadi 7 bila wewe kugeuza kitu, rudi mdomoni: ulitia kiasi gani, kwa kasi gani, bakuli lilikuwa na kina gani.

Ikiwa umefanya yote haya kwa wiki mbili na namba bado inaruka, kusaga kunachukua muda mrefu kuliko zamani, na unga unatoka wa moto, meno yamekwisha makali. Hapo kijana wa mkahawa alikuwa na haki. Ila muulize kwanza kama meno yanauzwa peke yake. Kwa mashine nyingi nzuri yanauzwa, na kuyabadilisha ni kazi ya bisibisi na nusu saa.